Vitabu vya watu waliouliza

Kuna msemo umezoeleka sana hapa Bongo: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiandike kitabuni. Nimeusikia kwenye semina, kwenye daladala, hata kwenye chumba cha habari. Watu hucheka, kisha kila mtu anaendelea na mambo yake. Mimi unaniudhi, maana wengi wanaousema hawajawahi kujiuliza vitabuni mmefichwa nini, na nani aliyekiandika.

Sizungumzii riwaya leo. Nazungumzia vitabu vya mambo ya kweli: wasifu wa watu, historia, safari, desturi, na namna wazee wetu walivyovuka nyakati ngumu. Mtu atakwambia vitabu hivyo viko kwa Kiingereza tu. Si kweli, ndugu yangu. Kiswahili kina rafu ndefu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1901 kulichapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake yumo Salim bin Abakari, akisimulia safari yake ya Urusi hadi Siberia, kwa Kiswahili safi. Mwaka 1903 ikafuata Desturi za Wasuaheli, ambayo sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyekuja kufundisha Kiswahili Berlin. Wakati huohuo mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha.

Hapo kwa Tippu Tip ndipo niliposimama muda mrefu. Ni msimulizi hodari. Anaeleza misafara yake kutoka pwani hadi Kongo, pembe za ndovu, vita, madeni na hesabu za mali. Unasoma unasisimka. Lakini baada ya kurasa kadhaa nilianza kuwatafuta wale waliobeba hizo pembe, na wale waliouzwa. Wapo, ila wapo kama mzigo. Hawasemi. Yeye alikuwa na kalamu, wao hawakuwa nayo.

Ilibidi kusubiri zaidi ya miaka 30. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mtu aliyewahi kutekwa utumwani, alichapisha Uhuru wa Watumwa. Anaeleza watu walivyokamatwa, walivyopelekwa pwani, na maisha ya waliokombolewa pale Frere Town, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana miaka ya 1870. Hadi leo kuna mahali kule Mombasa panaitwa Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya Frere Town. Wangapi wanashuka kwenye matatu hapo kila siku bila kujua jina lilikotoka?

Kitabu cha Mbotela kina walakini wake. Wasomi wamekikosoa kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwalaumu Waarabu peke yao. Ni kweli, usome ukilijua hilo. Lakini bila kitabu hicho tungebaki na mfanyabiashara akizungumza peke yake.

Halafu kuna Shaaban Robert. Shuleni tulimsoma kama mshairi na mtu wa Kusadikika, basi. Kumbe alifanya pia kazi ambayo mwandishi wa habari yeyote angeionea fahari. Alimfuata Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, akazungumza naye kabla hajafariki mwaka 1950, akaandika wasifu wake. Siti alizaliwa Fumba, katika familia yenye asili ya utumwa, na akauza vyungu kwa kutembeza. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, zikasambaa pwani nzima. Shaaban Robert angeweza kumwandika gavana au sultani. Akamchagua muuza vyungu.

Ukiviangalia vizuri vitabu vya namna hii utaona vinafanana kwa jambo moja: kuna mtu alikwenda akauliza, wakati wa kuuliza ungalipo.

Mfano mkubwa kwangu ni Vita vya Maji Maji. Viliwaka Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kwa miaka mingi aliyetaka kusoma habari zake alitegemea zaidi maandishi ya Wajerumani, yaani ya upande ulioshinda. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani wakaenda vijijini kuwahoji wazee. Wanahistoria G.C.K. Gwassa na John Iliffe wakachapisha kijitabu chenye masimulizi ya wazee. Humo mashamba ya pamba si takwimu za mavuno, ni viboko na siku za kazi zisizokwisha.

Sasa tupige hesabu. Kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Je, kazi ile ingecheleweshwa miaka 15 tu, wangemkuta nani?

Hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa bibi yangu, mzaa mama, kule Masasi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, leo amepita 70. Bibi ana zaidi ya hapo. Vitabu vya uchumi vinasema Tanzania ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000 msimu wa 1973/74, na kwamba katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zinazotajwa ni bei ndogo kwa mkulima, ugonjwa wa ubwiri unga, na watu kuhamishiwa vijiji vilivyokuwa mbali na mashamba yao.

Hiyo sababu ya tatu ni mstari mmoja kitabuni. Kwa bibi ni jioni tatu za kuzungumza. Mikorosho yao ilibaki mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nyasi zikaota, moto ukapita. Wanawake wanne wakapatana kwenda kwa zamu, wawili wanalala kibandani shambani wakiokota, wawili wanabaki kijijini na watoto wa wote. Walifanya hivyo misimu mitano. "Ile mikorosho tuliipanda na babu yako, tungeiachaje?" aliniambia.

Nilidhani atalalamika tu. Hapana. Aliniambia pia kuwa mama mdogo alijua kusoma kwa sababu kijiji kipya kilikuwa na shule karibu. Analia na kushukuru katika sentensi moja. Hilo huwezi kulipata kwenye jedwali.

Nilipopeleka wazo la makala hiyo kwa mhariri mmoja, jibu lilikuwa kwamba haina tukio. Waziri hajasema kitu, hakuna maadhimisho, hakuna picha. Namwelewa, gazeti lina kurasa chache. Lakini bibi hawezi kumsubiri waziri aseme.

Kwa hiyo nimeanza kuandika mwenyewe. Nina daftari mbili zimejaa, na sauti yake nimeihifadhi sehemu mbili tofauti. Sijui kama kitakuwa kitabu. Wale wanawake wengine watatu, mmoja bado yu hai, na mwezi ujao nakwenda kwake, maana nataka kusikia kama naye anaikumbuka zamu hiyo kama bibi anavyoikumbuka.

Wewe unayesoma hapa, tafuta kimojawapo cha vitabu nilivyovitaja. Maktaba ya mkoa, vyuo, hata wauza vitabu vilivyotumika kando ya barabara, huwezi jua utakachokuta. Na ukienda nyumbani likizo, usiende na simu ya kupigia picha tu. Usianze na swali kubwa kama "hebu nieleze historia", wazee huchoka nalo. Muulize nyumba yenu ya zamani ilikuwa wapi na nani alikuwa jirani. Yeye ataendelea.