Kutoka Wete Kwenda Kuuona Mto Mara

Nimezaliwa Wete, nimesomesha Wete miaka yangu yote ya kazi, na mpaka Septemba niliyofunga safari hii nilikuwa sijauona mto. Msomaji wa bara asishangae. Pemba tunayo maji yanayopita mabondeni, tunayaita mito, na mpunga wetu unayategemea. Lakini mtu akipandisha kanga kidogo tu anayavuka, na mwendo mfupi mbele yameshaingia mikandaani yakawa bahari. Mto unaoanzia nchi moja ukaishia nyingine nilikuwa nikiuchora ubaoni tu, kwa chaki ya buluu.

Mdogo wangu ni mwalimu Musoma. Wanafunzi wake wana klabu ya mazingira, na kila muhula huenda kupima maji ya Mto Mara. Miaka minne mfululizo alinambia, "Dada, umestaafu sasa, njoo uone mwenyewe." Mwaka huo karafuu hazikuwa nyingi, nyumbani hapakuwa na jambo la kunizuia. Nikafunga kikapu changu.

Wete hadi Mkoani kwa gari, Mkoani hadi Unguja kwa boti, Unguja hadi Dar es Salaam kwa boti nyingine. Mpaka hapo nilikuwa katika dunia ninayoijua. Kisha likaja basi, kilomita elfu moja na zaidi, na jambo lililonishinda kuzoea ni kukosa bahari. Kwetu ukitembea upande wowote utafika pwani tu. Tulipita Dodoma, tukapita Singida yenye majabali yaliyobebana kama magunia bandarini, tukafika Shinyanga, na kila nikifungua jicho bado nchi kavu ipo, ng'ombe wapo, na njia inaendelea. Abiria mwenzangu, mama wa Kisukuma, alicheka niliposema nchi hii haina mwisho. Akanigawia muwa.

Asubuhi ya kwanza Musoma nilitoka nje nikaona bahari. Mawimbi, mashua, ndege weupe, wanawake wakianika dagaa juu ya nyavu. Nikamuuliza mdogo wangu maji yanapwa saa ngapi, nishuke kutazama kilichobaki kwenye mawe. Akasema, "Hayapwi, dada." Nilikuwa nikijua tangu nikiwa mwanafunzi kwamba Ziwa Viktoria ni maji baridi, na nimewafundisha watoto wa watu hivyo hivyo. Lakini nilipoinama kutawadha na maji yakaingia kinywani bila ya chumvi, nilistuka mwili mzima. Nikayateka tena, nikayaonja tena. Bahari nzima ya maji ya kisima! Nilikaa juu ya jiwe mpaka jua likanichoma, nikingoja yapwe, maana macho yalikataa kuamini.

Siku ya pili tulikwenda Kirumi, daraja kubwa kwenye njia ya kutoka Musoma kwenda Tarime. Hapo ndipo Mto Mara unapokaribia kuingia ziwani, baada ya safari ya kilomita 395 hivi tangu msitu wa Mau nchini Kenya. Nilitarajia maji yanayokwenda mbio. Nikakuta uwanja wa mafunjo, kijani mpaka upeo wa macho, na mto umejificha ndani yake ukipita polepole kama mgonjwa. Viboko walikoroma mahali tusipopaona. Mvuvi mmoja alinionyesha kamongo ndani ya mtumbwi wake, samaki mrefu mwenye mapezi kama kamba, anayepumua hewa kama sisi. Mkunga wetu wa baharini angemwona huyu angedhani ni babu yake.

Ni huyo mvuvi aliyenisimulia Machi 2022. Maji ya hapa yaligeuka meusi, yakatoa harufu, na samaki wakaelea tumbo juu. Serikali ikazuia watu kuyatumia. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikasema sababu ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza: vyote vilisombwa na maji, vikala hewa iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Wengi hawakuridhika. Mto huu unapita kwenye nchi ya dhahabu, na watu hawajasahau mwaka 2009, maji machafu yalipovuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, ambao humwaga Mara. Wako pia wachimbaji wadogo wanaokamatia dhahabu kwa zebaki. "Wao wanabishana, mama," alisema yule mvuvi, "mimi nilizika samaki."

Wanafunzi wa mdogo wangu walikuja na kifaa chao. Ni bomba la plastiki linaloonyesha ndani, refu kama mkono wa mtu, na chini yake limebandikwa duara la rangi nyeusi na nyeupe. Unamimina maji taratibu huku umechungulia kutoka juu; pale duara linapopotea machoni, unasoma namba ubavuni. Kadiri maji yanavyokuwa mengi kabla duara halijapotea, ndivyo yalivyo safi kwa tope. Msichana mmoja alinipa nichungulie. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa, lakini duara niliendelea kuliona mpaka yakapita nusu ya bomba. Nikasema, "Kumbe safi!" Akaniambia, "Subiri ufike Bomet, bibi." Safari yetu ilikuwa ipande mpaka huko, Kenya, upande mto unakotoka.

Jambo moja nililifanya peke yangu. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nilianza majini nikahesabu hatua. Hatua ya 12 niliingia kwenye kwato za ng'ombe zilizojaa maji. Hatua ya 23 nilikuwa katikati ya mahindi ya mtu.

Siku ya nne tukavuka mpaka. Kwetu mpaka ni maji. Ukitoka Pemba lazima upande chombo. Pale Sirari nilitazama huku na huku nikiutafuta, kwa sababu Sirari ya Tanzania na Isebania ya Kenya zimeshikana kama mitaa miwili ya Wete. Maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja, unagongewa mihuri miwili chini ya paa moja. Muuza karanga alinirudishia chenji ya shilingi za Kenya na za Tanzania pamoja, bila ya kufikiri mara mbili.

Kisha tukapanda matatu, tukapita Migori, Kisii yenye migomba kila kilima, na baridi ikaanza. Bomet nilifika nimevaa sweta la mdogo wangu juu ya baibui. Huko Wakipsigis husalimiana "Chamge", na nikaambiwa nijibu "Chamge mising". Nililitamka vibaya na bado walifurahi kana kwamba nimeghani utenzi. Mashamba ya chai yalinipa taabu ya fikra. Mtu wa Pemba amezoea zao la kupandia: mkarafuu unaukwea, unalaza tawi, unaomba Mungu. Hawa wanavuna wamesimama, mti umewafika kiunoni. Tulikaribishwa mursik, maziwa ya mgando yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, rangi ya kijivu. Nilikunywa kwa adabu, kisha nikanywa kwa kupenda.

Mto Nyangores unapita mjini Bomet. Huu na Amala ndio inayokutana chini ikawa Mara. Nilikuwa nimeshikilia moyoni kwamba juu kwenye chanzo maji lazima yawe safi, na uchafu unazidi kadiri mto unavyoteremka. Ndivyo nilivyofundisha. Tulipomimina maji ya Nyangores kwenye bomba lile lile, duara lilipotea kabla ya robo. Maji mekundu, mazito kama uji wa mtama. Ni udongo wa milima, uliofunguliwa na kukata msitu wa Mau na kulima mpaka ukingoni.

Ndipo nilipofahamu kazi ya yale mafunjo ya Kirumi. Kinamasi kile ni kifumbu. Kila mpishi wa kwetu anakijua: unatia nazi iliyokunwa, unakamua, tui linapita, machicha yanabaki. Tope la Kenya na la Tanzania linabaki kwenye mafunjo, maji yanapita yakiwa yamechujwa. Lakini kifumbu kisichotolewa machicha kinachacha, na hapo duara lako la rangi halitakwambia kitu, kwani maji yanaweza kuonekana safi na samaki wakafa. Nilikaa kwenye nyasi za Bomet nikawaonea huruma wanafunzi wangu wote niliowachorea mstari wa buluu.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa makamo, mwanachama wa jumuiya ya watumiaji maji. Alituonyesha mianzi waliyopanda kingoni baada ya kung'oa mikaratusi inayonyonya maji, na birika la saruji walilojenga mbali na mto ili ng'ombe wanywe humo wasikanyage ukingo. Nilimwambia habari ya mita 60. Akashangaa, Kenya kanuni inataja mita 6 mpaka 30. Mto mmoja, na mkulima wa juu na wa chini wanaambiwa vipimo tofauti. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza la kurekebishwa.

Serikali zenyewe hazikulala. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki chenye makao yake Kisumu, inaziweka nchi mezani pamoja. Tangu 2012 tarehe 15 Septemba huadhimishwa Siku ya Mara, zamu Kenya, zamu Tanzania, msimu ambao nyumbu wanavuka mto. Na mwaka 2015 nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya kulisimamia bonde hili kwa pamoja. Lakini lililonigusa ni maneno ya yule mama. Aliwahi kupelekwa Kirumi pamoja na wanachama wenzake. Alisema, "Nilimwona mama mmoja akichota maji, akampa mtoto hapo hapo. Nikajua hayo nimeyatumia mimi kwanza. Niliporudi nikahamisha choo changu."

Nilimwomba anionyeshe. Tukapanda kilima kidogo nyuma ya nyumba. Shimo la zamani limefukiwa na kupandwa ndizi, jipya liko juu, mbali na mto kwa mwendo ulionitoa jasho hata katika baridi ile. Mlango wa mabati, kopo la maji, kipande cha sabuni juu ya kigingi. Mdogo wangu aliona haya kidogo dada yake kusafiri nchi mbili kuja kutazama choo. Mimi sikuona haya. Katika safari nzima, hicho ndicho kitu kilichonifahamisha ushirikiano wa mataifa ni nini.

Nimerudi Wete. Bahari yetu inapwa na kujaa kama ilivyoumbwa, na kwa muda mrefu tumeiachia itufagilie. Mvua ya kwanza ilipopiga nilifuata mtaro wa mbele ya nyumba yangu kwa miguu, kama nilivyoufuata Mara. Ulipita madukani, ukachukua chupa na mifuko na vitambaa vya watoto, ukaingia mikandaani, na mizizi ikavikamata vyote. Mikandaa ile nayo ni kifumbu, na upande wa pili wa maji wako wavuvi wa Mtambwe wanaotandaza nyavu zao.

Basi, majirani zangu wa Wete, nimenunua reki mbili na koleo. Kila Jumamosi saa 1 asubuhi nitakuwa kwenye mtaro ule, pale unapoingia mikandaani. Njooni na magunia.