Kabla ya Kufunga Sentensi

Kikorea huweka kitenzi mwisho wa sentensi, na kwenye mkia wa kitenzi hicho huning'iniza kiambishi kinachomwambia msikilizaji mambo mengi: kama habari hii msemaji ameiona sasa hivi, kama ameipata kwa watu, kama anadhani wewe huijui au anajua kwamba unaijua. Viambishi hivyo ndivyo vilivyobadilisha namna ninavyozungumza na watu, hata kwa Kiswahili.

Nilikwenda Busan kwa ufadhili wa serikali ya Korea Kusini, ule unaompa mwanafunzi mgeni mwaka wa kujifunza lugha kabla ya masomo ya shahada, na kumtaka afikie daraja la 3 kati ya madaraja 6 ya TOPIK, mtihani wa Kikorea kwa wageni. Herufi hazikunisumbua. Mfalme Sejong alizibuni mwaka 1443, akazitangaza mwaka 1446, na alikusudia watu wa kawaida wazimudu bila kusoma miaka na miaka. Nikaingia kwenye sarufi nikiwa na moyo mkubwa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya sababu. Sijaona lugha inayojali chanzo cha jambo kama hii. Ukisema umechelewa na unaomba radhi, unatumia *-aseo*: *neujeoseo joesonghamnida*. Ukitumia *-nikka* mahali hapo, radhi yenyewe inaharibika, maana *-nikka* inasimamisha sababu mbele kama hoja, ukawa kama unayejitetea kwa mtu uliyemkosea. Lakini ukitaka kumwambia mwenzio achukue mwavuli kwa kuwa mvua inanyesha, ni *-nikka* hiyo hiyo inayohitajika, kwani *-aseo* haikubali kufuatwa na amri. Kama hukulala kwa sababu ulikuwa ukifanya kazi ya darasani, kuna *-neurago*, inayodai mtendaji awe mmoja pande zote mbili na mara nyingi humalizikia kwenye jambo lililoharibika. Basi likichelewa ghafla likakuponza, kuna *-neun barame*. Jambo likiwa jema, shukrani unaipeleka inakostahili kwa *deokbune*. Likiwa baya, lawama inabebwa na *tase*.

Mwalimu wetu alikuwa akisimama mbele ya ubao na kutuuliza swali moja kila siku: kwa nini? Kwa nini umechelewa, kwa nini hukula, kwa nini umekuja Korea? Darasa lilikuwa na Wavietinamu, Wamongolia na Wauzbeki, na kila mmoja alijibu kwa kiambishi cha siku hiyo. Yalikuwa mazoezi mazuri sana. Hata hivyo tulizungumza kama watu wanaotoa ushahidi mahakamani: sababu, matokeo, nukta.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya mtihani na maisha. Swali la 54 la TOPIK linataka insha ya herufi 600 hadi 700, kwa mtindo wa maandishi usiomtazama mtu usoni. Mle ndani viambishi vya mazungumzo havina nafasi, si *-geodeunyo*, wala *-janayo*, wala *-neyo*. Mtu anaweza kupata daraja zuri la kuandika bila kuwa na uwezo wa kumweleza jirani kwa nini leo hana raha, au kupokea habari ya jirani kama binadamu.

Mimi viambishi hivyo nilifundishwa na kibanda cha samaki.

Karibu na soko la Jagalchi kuna vichochoro vya migahawa midogo ambako samaki huchomwa mlangoni. Wa huko hasa ni *godeungeo*, ndugu wa vibua wetu, mwenye mafuta mengi. Anapasuliwa, anatiwa chumvi, anachomwa mpaka ngozi inapasuka na kutoa povu dogo la mafuta pembezoni. Mwenye mgahawa niliokuwa nikienda alikuwa mama wa makamo. Wateja walimwita *imo*, yaani mama mdogo, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Busan ni mji wa supu ya nguruwe, na ukarimu wa watu wake ni wa kukusogezea bakuli kabla hujaomba. Kwa hiyo nililazimika kujieleza mara kwa mara: *Dwaejigogireul mot meogeoyo. Museullimigeodeunyo.* Siwezi kula nguruwe. Ni kwamba mimi ni Mwislamu.

*-Geodeunyo* ni kiambishi cha sababu ambayo msikilizaji haijui. Kwanza unasema jambo lenyewe, halafu unamfungulia mwenzio mlango mdogo: ngoja nikwambie usilolijua. Kwa mtu wa rika lako au mama wa mgahawa kinapendeza. Kwa profesa inafaa uwe mwangalifu, maana ukikitumia kwa sauti ya kupanda na tena na tena, utasikika kama unamfundisha. Kiambishi hiki kinataka ujue mtu uliye mbele yake ana nini kichwani na nafasi yako kwake ni ipi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nikimfikiria msikilizaji kabla sijafunga sentensi.

Wenzake *imo* walikuwa wakipita pale jioni, wauza dagaa na wauza mwani. Siku moja mmoja wao alinisogezea sahani ya nyama, na kabla sijafungua kinywa *imo* alimdaka akiwa amegeukia jiko: *Yaneun dwaejigogi mot meongneunda aiga!* Hiyo *aiga* ya mwisho haimo katika kitabu chetu cha darasani. Ni Kikorea cha watu wa Gyeongsang, eneo la Busan, na kazi yake ni ile ya *-janayo*: kumkumbusha mtu jambo ambalo tayari analijua. Si mnajua huyu hali nguruwe! Yule jirani akacheka, akavuta sahani, akaniletea mwani wa kukaanga.

Sikuwahi kufurahi kwa sababu ya sarufi kama siku ile. Miezi yote nilikuwa mtu wa *-geodeunyo*, mgeni mwenye habari mpya za kutoa kila anapoketi. Sasa habari yangu ilikuwa mali ya kichochoro kizima. Sikuhitaji kueleza chochote. Kitabu kinafundisha viambishi hivi viwili katika kurasa tofauti, na kila kimoja kina jedwali lake. Pale mtaani niliviona vimepangana kwenye njia moja, na urefu wa njia hiyo ni muda ambao watu wanachukua kuzoeana.

Upande wa hisia ulikuja taratibu zaidi. Kikorea hakikuruhusu kuingia moyoni mwa mtu na kutangaza kilichomo. Nikisikia baridi, nasema *chuwoyo*. Rafiki yangu akisikia baridi, sisemi vile vile. Nasema *chuwohaeyo*, kwamba anaonyesha kusikia baridi, kwa sababu ninachokiona ni mabega yake yaliyojikunja tu. Huzuni, woga na furaha vina utaratibu huo huo. Nadhani hiyo ni heshima kubwa iliyofichwa ndani ya kitenzi.

Halafu kuna viambishi vya mshangao. *-Neyo* ni ya jambo ulilolitambua papo hapo, macho yakiwa bado juu yake. *-Gunyo*, na *-guna* kwa watu mliozoeana, ni ya kuelewa: umeambiwa, au umeunganisha mambo kichwani, sasa limekuingia. Busan ni mji wa bahari na theluji huko ni nadra. Asubuhi moja tukiwa katikati ya somo, mwalimu aligeuka dirishani na kusema *eo, nun oneyo!* Theluji inaanguka! Kalamu ya ubaoni ilikuwa bado mkononi mwake. Somo likasimama, tukajaa dirishani sote, yeye akiwa mbele. Mongolia nzima ya darasa letu haikuona cha ajabu. Mimi mtu wa Tanga nilisema *oneyo* kwa mara ya kwanza bila kuitafuta, nikaelewa kwamba kiambishi kile hakisemwi kwa kukumbuka kanuni. Kinatoka pamoja na pumzi.

*Imo* naye alikuwa na neno lake la kupokea habari: *manna?* Kwa Wakorea wa Seoul linasikika kama swali, je, ni sahihi? Kwa watu wa Busan ni kumwambia msimulizi kwamba ninakusikiliza, endelea. Nilimsimulia habari za nyumbani huku akigeuza samaki, na kila kituo cha hadithi aliweka *manna* yake, fupi au ndefu kulingana na uzito wa jambo. Nilipomweleza kuhusu msiba uliotupata nyumbani, nikasema *nunmuri nadeoragoyo*, machozi yalinitoka. *-Deoragoyo* ni ya shahidi: jambo nililoliona mwenyewe wakati ule na sasa nakuletea. Kwa matendo ya hiari ya nafsi yako haifai, lakini kwa machozi inafaa, kwa kuwa machozi hujitokea yenyewe na wewe unayaona yakitoka. Aliacha koleo, akakaa.

Baadaye nilikutana katika mkahawa mmoja wa Seoul na vijana wanaosoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni. Ngeli walikuwa wanazijua vizuri ajabu. Walichonibana nacho ni *kumbe*, *si* na *mbona*. *Kumbe* niliwaeleza kwa dakika moja, kwa *-guna*, wakaipata. *Si*, kama katika "si nilikwambia", niliwapa kwa *-janayo*, wakaiandika pembeni mwa daftari. *Mbona* ilitushinda kwa jioni nzima. Ndani yake mna swali la sababu, mshangao wa *-neyo*, na lawama kidogo, vyote kwa pamoja, na kulikuwa na binti mmoja aliyekataa katakata kukubali kwamba "mbona hujala?" inaweza kuwa upole. Tukajaribu sauti mbalimbali, ya mama kwa mtoto, ya mke kwa mume, ya bosi kwa karani, mpaka wenye mkahawa wakaanza kupanga viti juu ya meza.