Gitaa la Marehemu Kaka Lasafiri Hadi Dodoma

Safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma siku hizi haimchoshi mtu. Tangu treni ya umeme ianze kufika huko mwaka 2024, msafiri hupanda asubuhi na jasho la Pwani mwilini, akashuka baada ya saa chache kwenye upepo mkavu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwili wa binadamu huzoea upesi. Gitaa, ndugu msomaji, halizoei upesi hivyo, nami nililitambua jambo hilo kwa aibu.

Nilikuwa nimelipakata gitaa la umeme la marehemu kaka yangu. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, naye aliniomba jambo moja tu: "Baba mdogo, nataka gitaa la baba lisikike siku hiyo." Treni ikapita Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mji ambao bendi za Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe ziliupatia sifa. Kisha tukaingia mahandaki ya Kilosa, na huko mbele kijani kikafifia, mibuyu ikajitokeza.

Gitaa lenyewe ni la mtindo wa Stratocaster, uliotolewa mwaka 1954 na kiwanda cha Leo Fender, huko Fullerton, California. Fender alikuwa fundi wa redio, wala hakuwa mpiga gitaa. Daraja lake, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, halikukazwa likatulia. Limeegemea skrubu sita upande wa mbele, na lina mkono mwembamba uitwao tremolo. Mpigaji akiubonyeza, nyuzi hulegea na sauti hushuka kama ya mtu anayeugulia. Akiuachia, sauti hurudi mahali pake.

Siku mbili baada ya kuwasili, nyuzi zilianza kukwaruza, na uzi mmoja ukakatika. Nikanunua seti mpya, nene kuliko ile ya zamani, nikaifunga usiku huo huo. Nilipokaza uzi mmoja, mingine ilishuka. Nilipoikaza hiyo, ule wa kwanza ukashuka. Daraja nalo likazidi kuinuka kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Hadi usiku wa manane sikuwa na gitaa, bali kelele.

Ijumaa asubuhi shemeji alinipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa redio, ambaye ujanani alipiga gitaa katika bendi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mdogo wangu, unalionea bure gitaa hili."

Alilipindua, akafungua kifuniko cha mgongoni, akanionyesha springi tatu. "Huku mbele nyuzi zinavuta, na huku nyuma springi zinavuta. Daraja ni mkono wa mizani. Wewe umeongeza uzito upande mmoja, upande wa pili hukuugusa."

Ndipo tulipouona upande wa ndani wa kifuniko. Kaka alikuwa ameandika kwa penseli, kila alipobadilisha nyuzi, tarehe na neno "nyembamba". Tarehe ya mwisho ilikuwa ya mwezi mmoja kabla hajaugua. Mzee alisoma, akanyamaza, kisha akaniuliza kama nitarudisha nyembamba. Duka halikuwa nazo. Ilibidi tuendelee na nene.

Akazikaza kwa nusu mzunguko zile skrubu mbili zinazozuia springi, akalinganisha sauti za nyuzi zote sita, kisha nusu tena, na nyuzi zote tena. Hakuwa na haraka. Aliendelea mpaka nyuma ya daraja pakabaki uwazi wa milimita 3 hivi. Daraja liliposhuka, mkwaruzo ukarudi, kwani hewa kavu ilikuwa imeikausha shingo ikanyooka kupita kiasi. Akailegeza nondo iliyomo ndani ya shingo kwa robo mzunguko, si zaidi. Akapaka unga wa penseli katika mifereji ya nyuzi kule kichwani, ili zisinase mkono wa tremolo unapotumika. Mwisho, alilinganisha mlio wa kila uzi ulioguswa kidogo juu ya kichuma cha 12 na mlio wake ukibanwa hapo hapo. Uliobanwa ukizidi kupanda, hukivuta nyuma kijichuma kinachoubeba uzi huo darajani.

Alipomaliza alinipa ile penseli. Chini ya mwandiko wa kaka nikaandika tarehe ya siku ile na neno "nene".

Jumamosi lilisikika. Bibi harusi hakusema neno. Alimshika mama yake mkono mpaka wimbo ulipokwisha.

Nimekwisha rudi Pwani, na unyevu wa huku umeyavuruga tena yote. Safari hii nimeanza kwa kufungua kifuniko cha nyuma. Nimepata nyuzi nyembamba, na penseli ipo.