Kinoo cha Kumalizia

Tukirudi likizo Kibondo na Kasulu, baadhi yetu huwanyoa ndevu babu zetu ambao mikono yao sasa inatetemeka. Wembe ni ule wa kukunja. Jiwe la kunolea panga hula chuma haraka, ila huuachia wembe meno madogo yanayochubua ngozi ya mzee. Kwa hiyo tunachagua kinoo laini kilicho bapa, tunakilowesha, tunaulaza wembe mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, wala hatukandamizi. Kisha tunaupitisha kwenye mkanda wa ngozi.

Mantiki ya Aristotle imetunoa kama panga: tunakata hoja upesi. Lakini parokiani tutakaa na wafiwa na wagonjwa. Huko tutahitaji subira ya kusikiliza. Wapendwa, tuombeeni kinoo hicho laini.