Mlio wa Gari Kwenye Mwinuko wa Gairo

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma hupita nchi mbili kabla hajafika nusu ya njia. Ya kwanza ni bonde: Dakawa na mashamba yake ya mpunga, kisha Magole, kisha Dumila penye njia panda ya Kilosa. Barabara imenyooka, joto limetanda, na mguu wa dereva huwa mzito juu ya mafuta. Ya pili huanza barabara inapoiacha tambarare na kupanda kwa kona kuelekea milima ya Ukaguru. Hewa hupoa kidogo kidogo hadi gari linapoingia Gairo, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, takriban kilomita 130 kutoka Morogoro.

Gairo ilikuwa sehemu ya Kilosa hadi mwaka 2012 ilipofanywa wilaya. Wapitaji huijua kwa viazi vitamu vinavyopangwa kando ya lami, na wenyeji huijua pia kwa shida ya maji, ambayo mengi yake yana chumvi. (Anayetaka kuongeza maji kwenye rejeta abebe yake kutoka nyumbani; chumvi haina urafiki na chuma.) Waislamu wengi husimama hapa kwa Adhuhuri, wakaikusanya na Alasiri na kuzipunguza kwa ruhusa ya safari.

Nami naongeza sifa moja ambayo sijaona ikitajwa: Gairo ni mahali pazuri mno pa kulisikiliza gari. Anayetoka bondeni amepanda mlima, na apandaye mlima hakanyagi breki ila mara chache. Kwa hiyo gurudumu likifika Gairo likiwa la moto kuliko wenzake, joto hilo halikutokana na kufunga breki njiani. Ama breki imeng'ang'ania, ama beringi inakufa. Anayeshuka hawezi kupima hivyo, kwa kuwa breki zake zote zina haki ya kuwa moto.

Safari iliyonifunza haya ilikuwa ya wanafunzi wa madrasa yetu. Tulikuwa tukiwapeleka Dodoma kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, watoto kumi na wawili na walimu wawili ndani ya Hiace. Gari lilikuwa na mvumo. Wiki mbili kabla lilipelekwa gereji moja mjini, fundi akaambiwa tu kwamba "linapiga kelele". Akabadilisha shokapu zote mbili za mbele, fedha za kamati zikatoka, na mvumo ukabaki pale pale.

Tulipopita Dakawa dereva wetu, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, alituonyesha upande uliko mnara wa kumbukumbu ya Edward Moringe Sokoine. Waziri Mkuu huyo alifariki eneo hilo kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, akirejea Dar es Salaam kutoka Dodoma. Watoto walinyamaza. Katika ukimya ule mvumo ukasikika vizuri zaidi: vuuu, mfululizo, kama pepeo linalosagia mahindi kijiji cha jirani.

Gairo, baada ya swala, dereva alikwenda kumwita fundi, kijana mwenye ovaroli lililopauka. Nilitarajia aanze na spana. Alianza na maswali.

"Mzee, linavuma au linagonga?"

"Linavuma."

"Linaanzia mwendo gani?"

"Hamsini. Sabini linazidi."

"Ukiachia mafuta, mvumo unakata?"

"Haukati, mpaka mwendo wenyewe upungue."

"Na huku mlimani, ukikata kona ya kushoto?"

Dereva alifikiri kidogo. "Kushoto linapaza. Kulia linanyamaza kidogo."

Kijana akasogeza mgongo wa mkono wake karibu na rimu ya mbele kushoto, bila kuigusa, kisha ya kulia. Akaniita. "Ustadhi, njoo usikie mwenyewe." Ya kushoto ilikuwa vuguvugu. Ya kulia ilitoa joto kama jiko lililotolewa chungu sasa hivi.

Maana ya maswali yale niliielewa akiwa tayari yuko chini na jeki. Mlio unaofuata injini hubadilika dereva anapoachia mafuta. Unaofuata magurudumu hufuata mwendo wa gari. Kona ya kushoto huegemeza uzito wa gari upande wa kulia, na beringi iliyolika hulalamika inapobebeshwa. Tairi lililolika kwa mawimbi huvuma pia, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Lakini sauti ya tairi hugeuka barabara inapogeuka, lami laini ikiwa na yake na lami ya kokoto ikiwa na yake. Milio mingine ina saa zake: ule wa ta-ta-ta usukani ukikatwa hadi mwisho, katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mara nyingi ni jointi ya ekseli; wa kukwaruza breki ikikanyagwa ni pedi zilizokwisha; wa kugonga juu ya matuta ndio wa shokapu na bushi. Shokapu haivumi. Hilo peke yake lingetuokolea zile fedha.

Gurudumu lilipoinuliwa alilishika juu na chini akalitikisa, likacheza. Akalizungusha kwa mkono, likasaga. Grisi iliyotoka ilikuwa nyeusi, na vyuma vya beringi vilikuwa na rangi ya samawati, rangi ya chuma kilichoungua.

"Mngefika Dodoma?" nilimuuliza.

"Pengine mngefika, ustadhi. Pengine gurudumu lingetangulia."

Beringi ya saizi ile haikupatikana Gairo. Iliagizwa Morogoro ikaja na basi la jioni, na dereva akakataa katakata kuendesha usiku. Watoto walilala msikitini. Mashindano yalikuwa asubuhi, nasi tuliyakosa. Msichana mmoja aliyehifadhi juzuu kumi alilia hadi akasinzia, na wazazi wawili walinipigia simu kwa maneno makali. Niliwaeleza kuhusu rangi ya chuma kile. Mmoja alinyamaza, mwingine hadi leo anaona tungeweza kwenda polepole.

Tuliposhuka kurudi Morogoro kesho yake, gari lilikuwa kimya kiasi kwamba, baada ya Dumila, dereva alisimamisha ghafla na kutega sikio. Kulikuwa na mlio mpya, kengele nyembamba kutoka nyuma. Alishuka, akazunguka gari, akainama chini ya kiti cha mwisho, akatoka na sufuria ya mtoto mmoja iliyokuwa ikigongana na kijiko chake.

Akaifunga kwa kanga, tukaendelea.