Farasi Aliyelelewa Mlangoni mwa Hema

Baada ya Swala ya Alasiri nilisimama kandokando ya uwanja wa mchanga huko Bidiya, mashariki mwa Oman, mahali ambapo mitende inakoma na vilima vya jangwa vinaanza. Farasi wawili walitoka shoti, bega kwa bega. Waliowapanda walikuwa wamesimama wima juu ya migongo yao, kila mmoja mkono wake begani mwa mwenziwe. Huo ndio mchezo wa ardha, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2018.

Farasi wa Kiarabu si mkubwa. Urefu wake begani ni kama mita moja na nusu. Uso wake umebonyea kidogo chini ya macho, matundu ya pua ni mapana, na akikimbia huinua mkia juu kama bendera. Sifa yake kuu ni subira. Katika mashindano ya masafa marefu, ambayo hufikia kilomita 160 kwa siku moja, mara nyingi yeye ndiye anayetangulia.

Subira hiyo ilitokana na malezi. Mabedui wa Bara Arabu walimthamini zaidi farasi jike, kwa kuwa ni mtulivu na hawatambulishi wenyewe kwa adui kwa kulia usiku. Kukiwa na baridi au hatari, aliingizwa hemani akalala karibu na watoto. Malisho yakikosekana, alinyweshwa maziwa ya ngamia. Na nasaba yake ilihesabiwa kwa upande wa mama. Ukoo mmoja maarufu ni Kuhaylan, jina litokanalo na kohli, yaani wanja, kwa sababu ya weusi wa ngozi inayozunguka macho yake.

Sisi wa pwani si wageni wa habari hizi. Ibn Batuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitoka huku akavuka hadi Dhofar, kusini mwa Oman, akasimulia jinsi farasi bora walivyopakiwa huko kupelekwa India. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said bin Sultan, iitwayo Sultana, ilitia nanga New York baada ya kupitia Unguja. Miongoni mwa zawadi alizompelekea rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu.

Mchezo ulipokwisha pale Bidiya, nilimwona kijana mmoja, kanzu yake imejaa vumbi na midomo imemkauka. Alimvua farasi wake tandiko, akampangusa jasho, akamletea maji. Hakunywa yeye mpaka mnyama alipokunywa. Hakuna aliyemwamuru, yaonekana alilelewa hivyo.

Hapo nikawakumbuka punda wetu wa Lamu, wanaobeba mawe, mchanga na maji katika vichochoro visivyopitika gari. Wako wanaotunzwa vizuri. Wako pia wenye vidonda mgongoni, wanaopigwa fimbo na watoto wetu huku sisi wakubwa tukipita kimya.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kheri imefungamana na farasi hadi Siku ya Kiyama, nasi twaipenda hadithi hiyo. Lakini katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu amewataja farasi, nyumbu na punda pamoja, katika aya moja, kuwa ni neema yake kwetu. Anayemsifu farasi kisha akamtesa punda ameichukua nusu ya aya na kuiacha nusu.

Enyi akina mama na akina baba, adabu ya yule kijana haikuanzia uwanjani, ilianzia nyumbani. Mtoto akirudi na punda jioni, tumwambie amshushe mzigo kwanza, amtazame mgongo, ampe maji, ndipo aje mezani. Mnyama hana ulimi wa kushitaki, lakini Mola wake anaona.