Natafuta jiko, lakini si la kuoa!

MWAKA jana nilipowatangazia washikaji kuwa natafuta jiko, walirukaruka kwa furaha. Mmoja akaanza hata kupiga hesabu za mahari. Nikawaambia tulieni jamani, nazungumzia jiko la kupikia, tena la kwenye mashua. Wakacheka mpaka basi. Mimi sikucheka, maana jiko la kwanza nusura linitoe roho.

Iko hivi msomaji wangu. Mimi na rafiki yangu mmoja tulichanga vijisenti tukanunua mashua kuukuu pale Kunduchi. Si chombo cha kutisha: tanga moja, na kibanda cha mbao upande wa omo ambacho watu wawili mkiingia mnapumuliana. Tukaipaka rangi, ikawa kila wikiendi sisi na kisiwa cha Mbudya. Anayetuona kutoka ufukweni anadhani tuna pesa kweli. Kumbe jiko lenyewe tulibeba la mkaa, lile lile la uani kwa mama.

Jumamosi moja ya masika mvua ikatukuta tumeshatia nanga. Tulikuwa tumemaliza kukaanga samaki, moshi hamna, makaa mekundu tu. Tukaona ya nini tutetemeke? Tukaliingiza jiko kibandani, tukashusha turubai, tukajilaza. Joto lake tamu, si mchezo!

Nilipozinduka kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma, na miguu haina nguvu. Nikadhani ni bahari imenichafua. Namsukuma mwenzangu, kimya. Namzaba kofi, kimya. Bwana wee, hapo ndipo nilipomuona mkewe kama yuko mbele yangu, akiniuliza, "Shemeji, mume wangu umemwacha wapi?" Sijui nguvu nilizipata wapi. Nilipasua turubai, nikamburuta hadi nje kwenye mvua. Baada ya muda niliouona kama mwaka akakohoa, akatapika, halafu akaniuliza kwa ukali kwa nini namlowesha. Nikacheka huku nalia.

Daktari alitueleza kuwa mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na ikiingia kwenye damu inazuia oksijeni isisafiri mwilini. Makaa yasiyo na moshi, yale tunayoyaona yameiva vizuri, bado yanaitoa. Mtu analala usingizi mtamu, ndiyo basi tena.

Baada ya wiki mbili mwenzangu akaja na mtungi wa gesi wa kilo tatu. "Sasa tumekuwa wa kisasa," anajitapa. Nikamwambia safari hii tuulize kwanza. Tukamfuata mzee mmoja, nahodha wa siku nyingi. Baada ya shikamoo na marahaba akautazama mtungi, akatazama chini kwenye ngama, akatikisa kichwa.

"Wanangu, mnaujua msemo wa enda tezi na omo, marejeo ni ngamani? Basi na gesi ni hivyo hivyo."

Kumbe gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja kidogo inaweza kutambaa sakafuni ikatokea mlangoni. Mashua haina mlango chini, ni kama bakuli. Gesi inashuka ngamani na kutulia, inakusubiri uwashe kiberiti. Wenye vyombo vikubwa huuweka mtungi kwenye kisanduku chake peke yake, chenye tundu chini la kuitolea gesi nje, na wakimaliza kupika wanafunga pale pale kwenye mtungi. Sisi kisanduku hicho tungekiweka wapi? Kichwani?

Nikauliza habari za jiko la mchina. Mzee akasema mafuta ya taa hayalipuki upesi kama petroli, ila wimbi moja tu, jiko linapinduka na mafuta yanawaka sakafuni. Ukilitaka, lifunge imara, na usiongeze mafuta likiwa bado la moto. Na moto wa mafuta usiumwagie maji, utausambaza. Uzime kwa mchanga.

Mwishowe tumerudi kwenye mkaa, lakini kwa adabu. Tumetengeneza sanduku la mbao, ndani bati, juu yake mchanga wa kutosha, jiko limekaa katikati halichezi. Liko tezi, mahali pa wazi. Hatuwashi mpaka nanga imezama na tanga limeshushwa. Sufuria ni ya kina kirefu, na haijazwi zaidi ya nusu, maana chai ya moto nayo inaunguza. Tukimaliza, makaa tunayazima kabisa. Mvua ikinyesha tunakula mkate na ndizi, maisha yanaendelea.

Shemeji mwenyewe alikuja kulikagua. Akalitikisa, likagoma kutikisika. Akaniambia, "Shemeji, siku nikisikia hili limeingia kibandani, mume wangu hakanyagi tena baharini, na wewe hukanyagi kwangu."

Nikamwitikia kwa heshima zote. Kwa hiyo washikaji, jiko la mashua nimepata. Lile jingine mnalolingojea kwa hamu, bado natafuta. Na hilo nalo nitauliza wazee kwanza.